Muulize Mjomba: Baba watano wa blugrasi, na yule ambaye jina lake halimo

Toleo lililopita niliandika mistari kumi tu kuhusu CD aliyoniletea mpwa wangu kutoka Marekani: *Honoring the Fathers of Bluegrass: Tribute to 1946 and 1947*, ya Ricky Skaggs na bendi yake Kentucky Thunder, iliyotoka mwaka 2008. Ni albamu ya kuwaenzi walioanzisha blugrasi, muziki wa Marekani wa vyombo vya nyuzi. Nilidhani itapita kimyakimya. Kumbe! Barua na ujumbe wa simu zimenijia nyingi kuliko siku ile nilipothubutu kusema kinanda cha umeme kimeidhoofisha taarabu. Nimechagua chache. Wengine mtanisamehe, hasa wewe uliyetuma ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja wenye maswali kumi na manne. Katikati mtoto alianza kulia na sikusikia la kumi wala la kumi na moja.

Papa Mjomba, jambo. Mimi ni mtu wa Fizi, Kivu Kusini. Nilikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Bowling Green, Kentucky. Nafanya kazi kiwandani, zamu ya usiku. Kuna mzee mzungu tunakaa naye meza moja wakati wa kula, ameniazima CD hiyohiyo uliyoiandika. Nimeisikiliza ndani ya gari wiki nzima. Vidole vinakimbia, sauti zinalia, lakini nyimbo zote naona ni moja. Mzee anasubiri nimwambie nimeionaje. Nimwambie nini? Na hao "baba" wanaotajwa ni akina nani?
*Mtu wa Fizi, Bowling Green*

Jambo sana, mwanangu. Kwanza, usimwambie huyo mzee kwamba nyimbo zote ni moja. Hujakosea sana, lakini hayo ni ya kuambiana sisi kwa sisi. Mimi niliwahi kumwambia hivyo baba mkwe wangu kuhusu kasida zake, mwaka 1974, na hadi anazikwa alikuwa akinikaribisha kwa kahawa isiyo na tangawizi.

Hao baba ni watano, na wote walikuwa bendi moja: Blue Grass Boys. Muziki mzima umechukua jina la bendi hiyo, na bendi ilichukua jina kutoka kwenye lakabu ya jimbo unaloishi, maana Kentucky huitwa jimbo la nyasi za buluu. Mwenye bendi ni Bill Monroe, aliyezaliwa 1911 kijiji cha Rosine, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapo ulipo. Alikuwa kitinda mimba wa watoto wanane. Jicho lake moja lilikuwa na makengeza, akawa mtoto wa kujificha wageni wakija. Kaka zake waliwahi fidla na gitaa, yeye akabakiwa na mandolini, kile chombo kidogo cha nyuzi nane. Mama alimfia akiwa na miaka 10, baba akamfia akiwa na 16. Baadaye akahamia kwa Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa ngoma za pale kijijini, ambaye alikuwa kaka wa mama yake. Wamarekani wana neno moja tu kwa ami na kwa mjomba, kwa hiyo ukiwasoma hujui wanamsema yupi. Huyu alikuwa mjomba kamili, yule ambaye kwake unalala bila kubisha hodi na ukiamka unaulizwa umekula nini. Monroe alimtungia wimbo, na wimbo huo Skaggs aliuimba upya mwaka 1984 ukashika namba moja kwenye chati za kantri. (Mimi sijatungiwa wimbo na mpwa yeyote. Nimeletewa CD tu, nashukuru.)

Monroe aliingia kipindi cha Grand Ole Opry cha Nashville mwaka 1939. Redio yenyewe, WSM, ilikuwa na nguvu ya wati 50,000, na Jumamosi usiku watu wa majimbo ya mbali waliipata. Umaarufu alikuwa nao. Lakini ukisikiliza santuri zake za mwanzoni mwa 1945 unasikia chungu hakijachemka. Kuna kodiani ndani yake, na banjo inapigwa kwa mtindo wa zamani, ule wa mchekeshaji wa bendi. Desemba mwaka huo akaja Earl Scruggs, kijana wa miaka 21 kutoka North Carolina, ambaye wakati wa vita alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha nyuzi. Nyuzi mchana, nyuzi usiku. Lester Flatt wa Tennessee, aliyekuwa akipiga gitaa na kuimba, hakutaka kabisa kusikia habari ya banjo nyingine kwenye bendi. Akamsikia Scruggs, akaghairi. Ongeza Chubby Wise wa Florida kwenye fidla na Howard Watts kwenye besi, watano wametimia.

Walirekodi pamoja misimu miwili tu, yote mjini Chicago: Septemba 1946 na Oktoba 1947. Nyimbo 28. Mapema 1948 Flatt na Scruggs wakaondoka kuanzisha bendi yao, na Monroe akamnunia Flatt zaidi ya miaka 20, hadi walipopeana mkono mwaka 1971 kwenye tamasha la Bean Blossom, Indiana. Ndiyo maana jina la albamu limebeba miaka miwili tu. Skaggs hakwenda kuokota nyimbo huku na huku. Alichota kisima hichohicho kimoja. Na alipoitoa, kati ya wale watano alikuwa amebaki hai Scruggs peke yake, akiwa na miaka 84. Watts alifariki 1970, Flatt 1979, Wise na Monroe wote wawili 1996.

Sasa kusikiliza. Ukiwa garini, usiisikilize CD nzima. Chukua wimbo mmoja, "Goin' Back to Old Kentucky", urudie mara nne, na kila mara fuata chombo kimoja tu, kama unavyomfuata mtu mmoja kwenye halaiki ya watu. Anza na mandolini pale ambapo Skaggs haongozi, anasindikiza. Utasikia mkwaruzo mkavu, *cha*, kama mtu anayefunga kisanduku cha kiberiti. Ile ndiyo ngoma yao. Bendi haina ngoma. Besi inapiga moja na tatu, mandolini inajibu mbili na nne, na kidole cha mpigaji kinaachia uzi mara tu unapoguswa ili usiimbe. Mimi nilipiga mandolini ya taarabu miaka tisa na hakuna siku niliyoambiwa niue sauti ya uzi kwa makusudi. Kwetu ukifanya hivyo watu wanageuka kukuangalia.

Halafu banjo, na hapa weka CD yenyewe pembeni. Weka mkono wa kulia juu ya usukani (gari limesimama, tafadhali). Gonga kwa zamu: gumba, shahada, cha kati, gumba, shahada, cha kati, gumba, cha kati. Umegonga mara nane. Ukihesabu kila gumba linapoanguka unapata tatu, tatu, mbili. Rudia bila kusita mpaka uone vidole vinajiendesha. Hiyo ni mojawapo ya njia za Scruggs. Gumba limevaa ukucha wa plastiki, vidole viwili vimevaa kucha za chuma, na wakati masikio yako yanadhani kuna mtu anayekimbia ovyo, kumbe kuna hesabu ya tatu tatu mbili ndani ya mapigo manne, hesabu ambayo mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na ngoma zetu anaijua kwa miguu. Kwenye albamu hii banjo ni ya Jim Mills, mtu aliyekuwa akizikusanya banjo za Gibson za kabla ya vita kama wengine wanavyokusanya viwanja. Utasikia.

Fidla ya Andy Leftwich isikilize peke yako, sitakuharibia. Mara ya nne fuata sauti, ile ya juu inayopanda mpaka unaona koo litakatika. Monroe ndiye aliyewafundisha kuimba huko juu. Ukishamaliza, ndipo umtafute Monroe mwenyewe, rekodi ya 1947 ya wimbo huohuo, na utagundua jambo ambalo nililieleza kwa nusu mstari tu toleo lililopita na sasa nalisema waziwazi: Skaggs ni msafi mno. Kila chombo kina chumba chake, kila uzi umepigwa pasi. Wale watano walijikusanya kwenye vipaza sauti vichache, na Monroe anausukuma wimbo mbele ya mapigo kama mtu anayewahi basi la saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie huyo mzee wako hivyo. Atabisha. Akibisha, mmeshakuwa marafiki.

Na sasa lile lililoniweka macho. Jina la albamu ni la baba, lakini limewahesabu baba waliosikika kwenye santuri. Monroe alikuwa na mwalimu mwingine ambaye sauti yake haikuwahi kunaswa na mashine yoyote. Aliitwa Arnold Shultz, mtu mweusi, mpiga gitaa na fidla, mzaliwa wa kaunti hiyohiyo ya Ohio iliyo na Rosine. Monroe akiwa kijana alimsindikiza kwa gitaa kwenye ngoma za usiku, Shultz akiwa kwenye fidla, na mpaka uzeeni alikuwa akisema wazi kwamba ile ladha ya bluzi kwenye muziki wake aliitoa kwa mtu huyo. Mtindo wake wa kuliachia gumba kazi ya besi na kuviachia vidole kazi ya wimbo ulipita mkono kwa mkono kwa wapiga gitaa wa Kentucky ya magharibi mpaka ukamfikia Merle Travis, na kutoka hapo dunia nzima. Shultz alifariki 1931. Mwaka 2020 mfuko wa kuwasaidia watu weusi na wengine wa rangi kuingia kwenye blugrasi ulianzishwa huko kwenu kwa jina lake, na hilo ni jambo jema, ila miaka 89 ni mingi.

Kaburi lake liko Morgantown. Ukitoka Bowling Green kwenda Rosine unapita Morgantown njiani. Ijumaa usiku Rosine kuna ghala la mbao ambamo watu hupiga muziki huu, hawatozi kiingilio. Ukipata Ijumaa isiyo na zamu, mchukue huyo mzee, mpitie Morgantown kwanza mchana kungali na mwanga. Unitumie picha.

Shikamoo Mjomba. Nimesoma kuhusu hao "baba wa blugrasi". Baba, baba, baba! Mama hawakuwepo? Au walikuwa jikoni?
*Bi. Z., Kisauni, Mombasa*

Marahaba, Bi. Z. Walikuwepo, na mmoja nimeshamtaja bila kumtaja. Ile kodiani niliyoisema ya mwaka 1945 ilipigwa na mwanamke, Sally Ann Forrester, aliyekuwa Blue Grass Boys tangu 1943 hadi 1946. Ndiyo, alikuwa mmoja wa hao "Boys", na mshahara alipokea. Sijui ni wewe au mimi tutakaocheka kwanza. Vitabu vingi vinampita haraka kwa sababu kodiani haikubaki kwenye muziki huo, na mtu chombo chake kisipobaki, jina lake huondoka nacho. Sisi wa taarabu tulioiona kodiani ikikaa kitako kwenye okestra miaka yote tunaweza kumwonea huruma.

Baada yake Bessie Lee Mauldin alipiga besi kwenye rekodi nyingi sana za Monroe za miaka ya 1950 na ya mwanzo ya 1960. Na ukirudi nyuma kabisa, kwa Monroe muziki uliingia kwa upande wa mama: Malissa, mama yake, alipiga fidla, kodiani na kinanda cha mdomo. Mjomba niliyemsifu hapo juu ni kaka yake tu. Kwa hiyo jina la haki la albamu hii lingekuwa refu kidogo.

Jikoni pia walikuwepo, nakubali.

Mjomba, banjo ni zeze letu la Wagogo lililochukuliwa na watumwa likafika Marekani. Kwa nini hukuliandika hilo? Unawaogopa?
*Msema Kweli, Dodoma*

Nawaogopa watu wa Dodoma tu. Nusu ya unayosema ni kweli na nusu ni mapenzi.

Kweli ni kwamba banjo ni ya Waafrika. Watu waliokamatwa na kuvushwa bahari ya Atlantiki walitengeneza Karibiani na Marekani chombo cha kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye shingo ndefu, na wazungu walikijua kwa kukiona mikononi mwa watumwa kwa muda mrefu kabla ya wao wenyewe kukigusa. Lakini ndugu zake wa karibu wako Afrika Magharibi. Kuna akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia: kibuyu, ngozi, mti mrefu, nyuzi tatu, na moja kati ya hizo ni fupi na hupigwa kwa gumba. Angalia banjo ya blugrasi. Ina nyuzi tano, na uzi wa tano unaanzia katikati ya shingo, una kigingi chake peke yake ubavuni, na kazi yake ni ya gumba. Miaka mamia imepita na uzi mfupi haujahama.

Zeze la Wagogo hupigwa kwa upinde. Ukitaka kulitafutia jamaa kwenye bendi ya Monroe, mtafute Chubby Wise na fidla yake.

Ila usinune, maana Dodoma imo kwenye hadithi hii kwa mlango mwingine. Mwaka 2005 mpiga banjo mmoja mashuhuri wa Marekani, Béla Fleck, alibeba banjo yake akairudisha Afrika: Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Hapa kwetu alipiga na Anania Ngoliga, yule bingwa asiyeona, na alipiga na ukoo wa Zawose, Wagogo wa Bagamoyo. Albamu iliyotokana na safari hiyo ilitoka 2009 na jina lake kwa Kiswahili ni "bwaga moyo" tu, maana aliambiwa ndilo chimbuko la jina la Bagamoyo. Ikapata tuzo ya Grammy, kama ambavyo hii ya Skaggs ilipata ya kwake ya blugrasi mwaka 2009. Ukiisikiliza ile ya Fleck, sikiliza pale ilimba, ile ya kupigwa kwa magumba, inapomjibu na yeye anapunguza mkono. Mpiga banjo kupunguza mkono ni tukio.

Mjomba mambo? Swali fupi. Mtu anachukua nyimbo za watu wa zamani, anazipiga vilevile, anapewa tuzo. Huku mtaani tunaita hiyo kukopi na kupesti. Msanii wa kweli si atunge zake?
*Dogo wa Mabibo, Dar es Salaam*

Poa, Dogo. Swali fupi, jibu la wastani.

Nyimbo za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, nyingi tunazijua leo kwa sababu Bi Kidude aliziimba mpaka amechoka, kisha akaziimba tena. Hakuna aliyesimama ukumbini akamwambia Bi Kidude anapesti. Angethubutu nani.

Kinachokusumbua, naona, ni neno "vilevile". Hapo una hoja, na nimeshasema hapo juu kwamba Skaggs ameipiga pasi kazi ya wazee wake kuliko inavyostahili. Lakini ujue anatoka wapi. Alizaliwa 1954 Kentucky ya mashariki, na baba yake alimnunulia mandolini akiwa na miaka 5. Alipokuwa na miaka 6 Monroe alikuja kupiga karibu na kwao, kijiji kinaitwa Martha. Majirani wakawa wanapiga kelele kwamba mtoto wa fulani apandishwe jukwaani. Monroe akamwita. Akavua mandolini yake mwenyewe, akaukaza mkanda mpaka ukamfika yule mtoto, akamvisha, akasogea pembeni. Mtoto akaimba wimbo mmoja, akashuka.

Hebu fikiria uzito wa kitu kile kwenye bega la mtoto wa miaka 6. Miaka ya 1980 mtoto huyo alikuwa nyota mkubwa wa kantri, mwaka 1985 alichaguliwa mtumbuizaji bora wa mwaka wa chama cha muziki huo, na kwenye video yake moja Monroe anaonekana akicheza ngoma ndani ya treni ya chini ya ardhi ya New York, mzee wa miaka zaidi ya sabini na kofia yake. Angeweza kubaki hukohuko kwenye pesa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akarudi kwenye blugrasi, akaanzisha kampuni yake ya kurekodi. Nyimbo za kutunga anazo. Hizi anazirudisha zilikotoka, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani na kitu ndani yake.

Tofauti ya kuenzi na kukopi unaweza kuisikia pale mpigaji anapofika kwenye kipande ambacho mwenyewe wa zamani alikosea kidogo, na kosa likapendeza. Anayekopi hulirudia kosa kama lilivyo. Skaggs hulisahihisha, na hilo pia simsifii. Bi Kidude angefanya kosa jipya.

Mjomba umezeeka. Tunataka habari za taarabu na dansi, wewe unatuletea nyimbo za wazungu wa mashambani.
*Bila jina, Tanga*

Kuzeeka ni kweli. Hiyo ya pili, muulize mama yako Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri, alikuwa mtu wa wapi, halafu umuulize alijuaje maneno yote.

Shikamoo Mjomba. Marehemu babu ameacha mandolini. Ilikuwa juu ya kabati tangu mwaka 1998. Ina nyuzi nne tu zilizobaki, zina kutu, na mgongoni kuna ufa mrefu kama kiganja. Fundi wa mtaani aliichunguza akasema ni kuni. Nimeona picha ya Monroe kwenye ukurasa wako nikaikumbuka. Je, inafaa kitu? Nami nikitaka kujifunza, nina miaka 34, nimechelewa?
*Mjukuu, Pangani*

Marahaba, mjukuu. Monroe alipoanza utotoni, kaka zake walimwambia aondoe nyuzi nne kati ya nane, ili asiwapigie kelele. Kwa hiyo mandolini ya babu iko pale alipoanzia mkubwa wao, na wewe huna kaka wa kukuzuia kurudisha nne nyingine.

Hizo nane zinakaa mbilimbili, na sauti zake hulinganishwa kama za fidla. Usizikaze hizo zenye kutu hata kidogo. Chombo kilichokaa juu ya kabati toka 1998, kwa joto na unyevu wa Pangani, gundi yake imeshakuwa unga. Ukikaza nyuzi, shingo itakuja mbele na utanisikia nikikusema vibaya mpaka Pangani. Zilegeze zote, taratibu, uzi mmoja nusu mzunguko, kisha wa upande wa pili nusu mzunguko, hivyohivyo mpaka daraja lijilegeze lenyewe. Daraja halijagundishwa, limesimama kwa kubanwa na nyuzi tu, kwa hiyo litaanguka. Usiogope. Liweke kwenye bahasha pamoja na kipande chochote kingine kinachodondoka, hata kama ni kibanzi cha ukubwa wa punje ya mchele.

Kuhusu ufa, nitakwambia kitu. Mandolini ya Monroe ilikuwa Gibson ya mwaka 1923. Aliiona kwenye kinyozi huko Florida katika miaka ya 1940, akainunua kwa dola 150. Aliwahi kugombana na kampuni iliyoitengeneza akachukua kisu akalikwangua jina lao kichwani mwa chombo, likabaki neno la mwanzo tu. Mwaka 1985 watu waliingia nyumbani kwake yeye hayupo, wakaipondaponda kwa fimbo ya chuma ya kuchochea moto. Vipande vilikusanywa, pamoja na vibanzi, vikapelekwa kwa fundi wa kampuni ileile aliyogombana nayo, Charlie Derrington, ambaye alivipanga kimoja kimoja mpaka ikawa chombo tena. Monroe akaipiga miaka mingine kumi. Leo iko makumbusho ya muziki wa kantri, Nashville.

Sasa wewe una ufa mmoja, na huyo fundi wa mtaani anasema kuni. Mwambie namsalimia.

Kuhusu miaka 34, sijaelewa swali.

Ilete Jumamosi, nipo kibarazani Ngamiani, hapa Tanga, baada ya alasiri. Ifunge kwenye kanga au shuka, usiitie kwenye mfuko wa plastiki, itatoa jasho. Kwenye basi kaa nayo mapajani. Kondakta akitaka kuitupia kwenye buti, mlipe nauli ya kiti cha pili, nitakurudishia. Na hiyo bahasha usiisahau.